Rudolf Virchow: Daktari Aliyeuona Mwili Kuwa Taifa la Seli

Leo tunawaletea wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu walio katika jeshi, polisi na magereza, maisha ya daktari mmoja wa Kijerumani aliyefariki dunia mwaka 1902. Jina lake ni Rudolf Virchow. Alisomeshwa na jeshi, akatumwa na serikali kuchunguza maradhi, akaleta taarifa ambayo wakubwa wake hawakufurahi kuisoma. Pamoja na hayo aliacha elimu ambayo hata leo hakuna hospitali kubwa inayoweza kufanya kazi bila ya kuitumia. Tumemchagua yeye kwa sababu maisha yake yote yalizunguka swali moja: vitu vidogo vingi, kila kimoja na uhai wake, huwezaje kuwa kitu kimoja chenye nguvu?

Swali hilo linauhusu mwili wa kila mmoja wetu. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30 au zaidi. Seli ni chembe hai ambayo kwa kawaida haionekani kwa macho bila ya hadubini. Hula, hufanya kazi yake, huzaa nyingine na hatimaye hufa. Lakini seli hizo hazikutiwa mwilini ovyo kama mchanga ndani ya gunia. Zimejipanga na kushikana zikawa tishu, nazo tishu zikaungana zikawa viungo kama moyo, ini na figo. Viungo hivyo kwa jumla yake ndivyo mtu anayesimama katika gwaride, akapiga saluti na kwenda zamu.

KUZALIWA NA MASOMO

Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, jimbo la Pomerania, katika ufalme wa Prusia. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Poland na huitwa Świdwin. Baba yake alikuwa mkulima na pia mtunza fedha wa mji. Nyumba yao haikuwa ya kitajiri, naye Rudolf alikuwa mtoto wao wa pekee.

Mwaka 1839 kijana huyo alipata nafasi katika Taasisi ya Friedrich Wilhelm mjini Berlin. Taasisi hiyo iliwafundisha madaktari wa jeshi la Prusia bila ya malipo, kwa sharti kwamba baada ya kuhitimu walitumikie jeshi. Kwa mtoto wa mtu wa kawaida mwenye akili nyingi na fedha chache, huo ulikuwa mlango uliofunguka. Mmoja wa walimu wake alikuwa Johannes Müller, bingwa wa elimu ya viumbe, aliyewazoesha wanafunzi wake wasikubali jambo lolote kabla ya kulitazama wenyewe. Virchow alipata shahada yake mwaka 1843 akaanza kazi katika hospitali ya Charité, mjini humo humo.

Kazi yake kubwa pale ilikuwa kuwapasua maiti ili kujua kilichowaua. Watu wengi huiona kazi hiyo kuwa ya kuchukiza, bali yeye aliiona kuwa ni uchunguzi kama ule wa askari polisi anayefika mahali palipotendeka jambo na kutafuta dalili. Mwaka 1845 alieleza habari za mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa na seli nyeupe nyingi kupita kiasi. Baadaye ugonjwa huo akaupa jina la lukemia, ambalo latumika hadi leo. Katika miaka iliyofuata alionyesha jinsi bonge la damu lililoganda katika mshipa wa mguu linavyoweza kukatika, likasafiri na damu hadi kuziba mshipa wa mapafu na kumuua mtu ghafla. Ndiyo sababu majeruhi waliolala kitandani kwa muda mrefu huhimizwa wainuke na kutembea mapema wanapoweza.

SELI HUTOKA WAPI?

Yafaa tueleze kwanza hali ya elimu ilivyokuwa siku zile. Mfaransa Xavier Bichat, ambaye alipata kufanya kazi ya upasuaji miongoni mwa majeruhi wa jeshi, alikuwa ameeleza mwaka 1801 kwamba viungo vyote vya mwili vimetengenezwa kwa tishu za aina chache. Yeye alihesabu aina 21. Neno tishu lina asili ya Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichofumwa kama kitambaa. Bichat hakutumia hadubini. Aliitambua kila tishu kwa kuipasua, kuichemsha, kuikausha na kuitia dawa kali. Alifariki mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Alikuwa amekijua kitambaa, lakini hakupata kuuona uzi wake.

Uzi huo ulionekana baadaye, hadubini zilipokuwa bora zaidi. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea imejengwa kwa seli. Mwaka 1839 mwenzake Theodor Schwann akaonyesha kwamba miili ya wanyama nayo ni hivyo hivyo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa sana, lakini ndani yake lilikuwamo kosa. Schwann aliamini kwamba seli mpya hujiunda zenyewe ndani ya ute usio na umbo, kama chumvi inavyojiunda katika maji ya bahari yanayokauka.

Kosa hilo lilikuwa na madhara. Ikiwa seli zaweza kutokea katika ute mtupu, basi uvimbe nao waweza kuzuka mahali popote bila ya asili, na daktari hana pa kuanzia upelelezi wake. Ni kama kuambiwa kwamba mhalifu hana kwao, hana wazazi wala njia aliyopitia. Virchow hakuridhika na maelezo hayo. Kabla hajayapata majibu, hata hivyo, serikali ilimtuma safari iliyoyageuza maisha yake.

TAARIFA YA SILESIA

Mwanzoni mwa mwaka 1848 palikuwa na homa kali ya tifasi katika jimbo la Silesia ya Juu, mashariki ya Prusia. Tusiichanganye homa hiyo na homa ya matumbo. Tifasi huenezwa na chawa wa nguo, ingawa siku zile hakuna aliyejua hivyo. Jambo hilo lilithibitishwa na Charles Nicolle huko Tunis mwaka 1909. Katika vita vya zamani tifasi iliua askari wengi kuliko risasi.

Virchow alikuwa na umri wa miaka 26. Aliondoka Berlin mwezi Februari akakaa huko kiasi cha wiki tatu. Aliingia katika vibanda vya wakulima, ambamo watu wengi walilala pamoja katika chumba kimoja. Aliona njaa iliyofuata mavuno mabaya, na mayatima ambao wazazi wao wote wawili wamekufa. Wakazi wengi wa huko walisema Kipolandi, nao maofisa waliotumwa kuwatawala walikuwa Wajerumani. Mkulima hakuelewa anachoambiwa, na ofisa hakuelewa anacholalamikiwa.

Serikali ilitazamia kuletewa orodha ya dawa. Virchow alileta taarifa ndefu iliyosema kwamba ugonjwa ule ulikuwa na chanzo katika umaskini, ujinga na utawala usiowajali watu. Alipendekeza shule, na elimu itolewe kwa lugha ya wenyeji wenyewe. Alitaka barabara zitengenezwe, kilimo kiboreshwe, kodi isiwalemee maskini, na wananchi washiriki katika kujitawala. Aliandika pia kwamba chakula kilichelewa kufika hali maofisa walijua kuna njaa.

Hatuna budi kulifikiri jambo hili kwa makini. Virchow alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo, na aliyemlipia masomo ni jeshi la mfalme huyo huyo. Ilikuwa rahisi kwake kuandika kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya, akarudi Berlin na kupandishwa cheo. Aliandika alichokiona. Kila askari aliyepata kuandika taarifa anaijua tofauti iliyopo baina ya taarifa inayompendeza mkubwa na taarifa inayomsaidia.

Alirudi mjini mwezi Machi, na siku chache baadaye mapinduzi yakazuka mjini Berlin. Virchow alikuwa upande wa waliodai katiba, hata akashiriki katika kuweka vizuizi barabarani. Kisha akaanzisha gazeti la kila wiki lililotetea marekebisho ya huduma za afya. Mapinduzi yalishindwa, na mwezi Machi 1849 alisimamishwa kazi. Alirejeshwa kwa masharti, lakini ilikuwa dhahiri kwamba Berlin hapakuwa tena mahali pake. Mwishoni mwa mwaka huo alihamia Chuo Kikuu cha Würzburg, kusini ya Ujerumani, na huko akaiweka siasa kando kwa muda.

TISHU INAYOSHIKA ZOTE

Miaka saba ya Würzburg ilikuwa ya utulivu, nayo ndiyo iliyozaa matunda makubwa. Mwaka 1850 alimwoa Rose Mayer, ambaye alimzalia watoto sita. Mchana alifundisha, na saa nyingi alikuwa ameinama juu ya hadubini yake.

Aliichunguza hasa ile tishu ambayo wenzake waliidharau, yaani tishu unganishi. Hiyo ndiyo tishu iliyomo katika mifupa, gegedu na kano, na ndiyo inayojaza nafasi baina ya viungo na kuvishika pamoja. Watu waliidhani kuwa ni takataka isiyo na uhai, kama udongo wa kusiribia nyumba. Virchow alionyesha kwamba ndani ya mfupa mgumu na ndani ya gegedu mna seli hai, na kwamba kila seli hulitunza eneo dogo linaloizunguka. Mtu akivunjika mguu, mfupa huunga kwa sababu ndani yake mna wafanyakazi walio hai.

Aliitazama pia tishu ya ubongo na uti wa mgongo, akaona kitu kinachozishikilia seli za fahamu mahali pake. Mwaka 1856 akakipa jina la neuroglia, maana yake gundi ya neva. Leo twajua kwamba seli hizo si gundi tu, bali huzilisha na kuzilinda seli za fahamu. Lakini jina alilolitoa limebaki.

Hatua kwa hatua Virchow akafikia uamuzi wake mkuu: hakuna seli inayozuka katika ute mtupu, bali kila seli huzaliwa na seli iliyotangulia. Mwaka 1855 alilitangaza neno hilo kwa maandishi. Uvimbe nao una ukoo. Ukiifuata nasaba yake, utaikuta seli ya mwili wenyewe iliyoiacha njia yake.

Ukweli hutulazimisha kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Robert Remak, mwanasayansi Myahudi mwenye asili ya Poland aliyefanya kazi Berlin, alikwisha kuonyesha mwaka 1852 kwamba seli mpya hutokana na seli ya zamani kugawanyika mara mbili. Kwa sababu ya dini yake, Remak alinyimwa cheo kilichomstahili katika chuo kikuu. Virchow hakumpa sifa iliyompasa, na hilo ni doa katika jina lake.

MWILI NI TAIFA

Mwaka 1856 Berlin ilimwita tena na kumjengea taasisi maalumu ya kuchunguza maradhi. Sifa yake ilikuwa imekuwa kubwa mno hata wale waliomfukuza hawakuweza kumkosa. Miaka miwili baadaye, kati ya Februari na Aprili 1858, alitoa mihadhara 20 mbele ya madaktari, akaiandika katika kitabu kilichoeleza maradhi kwa njia ya seli. Kitabu hicho kilienea Ulaya nzima.

Fundisho lake laweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu anapougua, si mwili wote unaougua kwa namna isiyojulikana, wala si damu tu iliyochafuka kama wazee walivyodhani. Kuna seli fulani, mahali fulani, zilizoharibika, na daktari hana budi kuzitafuta. Hadi leo, mgonjwa akiwa na uvimbe, madaktari hukata kipande kidogo, wakakitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Hapo wanaifuata njia ya Virchow.

Kwake yeye mwili ulikuwa kama taifa, na seli zilikuwa raia zake. Aliyakataa mawazo ya kwamba kuna kiungo kimoja kilicho mfalme, na vingine vyote ni watumwa wake. Pengine askari atauliza: taifa lisilo na amri litasimamaje? Jibu ni kwamba amri zipo mwilini, tena nyingi sana. Ubongo huamuru mkono, na tezi hupeleka habari kwa njia ya damu. Lakini hakuna kiungo kinachoishi kwa nguvu zake peke yake. Ubongo wenyewe, unaotoa amri, ukikosa hewa safi inayoletwa na damu kwa dakika chache tu huanza kufa. Kamanda hutegemea seli ndogo nyekundu zinazobeba mzigo huo mchana na usiku.

WALIYOYAGUNDUA WALIOFUATA

Virchow aliona kwamba seli zimeungana, lakini hakuweza kuona zimeshikanaje. Hadubini ya mwanga haikutosha. Hadubini ya elektroni iliundwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska pamoja na Max Knoll, na kwa msaada wa chombo cha aina hiyo Marilyn Farquhar na George Palade walieleza mwaka 1963 jinsi seli jirani zinavyofungamana.

Siku hizi wataalamu huzigawa tishu za wanyama katika mafungu makubwa manne. Iko tishu funikizi, kama ngozi ya juu na utando wa ndani ya matumbo. Iko tishu unganishi, ile aliyoipenda Virchow. Ya tatu ni ya misuli na ya nne ni ya neva. Katika tishu funikizi seli husimama bega kwa bega, zikakanyaga utando mwembamba ulio chini yake. Katika tishu unganishi seli hukaa mbalimbali, na baina yake pana nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni. Kano inayomwezesha askari kukimbia imejaa nyuzi hizo, zimelazwa upande mmoja kama kamba iliyosokotwa.

Seli zilizopakana huwa na viungio vya namna tatu. Vya kwanza huziba nafasi, hata maji na uchafu wa tumboni visipenye baina ya seli na kuingia mwilini. Vya pili hushika, mithili ya vifungo vya shati. Ndivyo vinavyoifanya ngozi isichanike tunapobeba mzigo mzito. Vya tatu ni vijia vidogo vinavyopitisha habari kutoka seli moja hadi nyingine. Seli za moyo hupashana habari kwa vijia hivyo, na ndiyo maana zote hujikaza kwa utaratibu mmoja. Seli za moyo zikipoteza mwafaka huo, kila moja ikapiga kwa wakati wake, moyo hutetemeka tu bila ya kusukuma damu, na mtu hufa.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba seli hujuana. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua mnyama wa baharini aitwaye sifongo katika kitambaa chembamba, hata seli zake zikatawanyika majini moja moja. Seli hizo zilitafutana, zikashikana na kuwa sifongo tena. Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter walizitenganisha seli za viinitete vya wanyama wa jamii ya chura, wakazichanganya. Nazo zikajipanga upya, za ngozi zikaenda nje na nyingine zikabaki ndani. Ilikuwa kama kikosi kilichotawanyika usiku, na kulipokucha kila mtu akarudi katika safu yake.

Katika miaka ya 1980 Mjapani Masatoshi Takeichi alieleza protini zinazofanya kazi hiyo, zikaitwa kadherini. Kadherini ya seli moja hushikana na kadherini ya jirani yake, na huhitaji madini ya kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa, seli huachana. Katika aina nyingi za saratani protini hizo hupungua. Seli hulegea, huwaacha wenzake, hupenya utando ulio chini yake na kwenda kuvamia mahali pasipo pake. Saratani ni raia wa mwili aliyeasi umoja, akazaana bila ya kusikia habari yoyote kutoka kwa jirani. Seli zenye afya hufanya kinyume. Ngozi ikikatwa, seli za kando ya jeraha hugawanyika na kusogea mpaka zikutane na zile za upande wa pili, na zikikutana husimama.

DAKTARI KATIKA BARAZA

Virchow hakubaki na hadubini yake tu. Tangu mwaka 1859 hadi kufa kwake alikuwa mjumbe wa baraza la mji wa Berlin. Mwaka 1861 alishiriki kuanzisha chama cha maendeleo cha Ujerumani, na mwaka uliofuata akaingia katika bunge la Prusia. Baadaye, kati ya 1880 na 1893, alikuwa pia mbunge wa Ujerumani nzima.

Humo bungeni alipambana mara kwa mara na Otto von Bismarck, waziri mkuu mwenye nguvu nyingi. Mwaka 1865 Bismarck alikasirika akamtaka wapigane wawili kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana wa wakati ule. Virchow alikataa, kwani hakuona kwamba risasi yaweza kuamua nani amesema kweli. Iko hadithi kwamba alitaka silaha iwe soseji mbili, moja ikiwa na minyoo hatari, lakini hadithi hiyo haina ushahidi. Kilicho hakika ni kwamba aliwachunguza minyoo wa nyama ya nguruwe waitwao trikina, na alipigania sheria ya kukagua nyama.

Mji wa Berlin wakati ule ulinuka, kwa kuwa maji machafu yalipita katika mifereji ya wazi kando ya barabara. Virchow alisimama pamoja na mhandisi James Hobrecht kutetea mpango wa mabomba ya chini ya ardhi, yatakayopeleka uchafu katika mashamba nje ya mji. Kazi ilianza mwaka 1873. Alipigania pia hospitali za mji kwa ajili ya watu wa kawaida, na ile ya Friedrichshain ilifunguliwa mwaka 1874.

Mwaka 1869 alileta bungeni hoja ya kupunguza silaha, ikashindwa. Mwaka uliofuata vita vya Prusia na Ufaransa vikaanza. Virchow hakununa nyumbani. Alishughulikia ujenzi wa hospitali ya mabanda kwa majeruhi katika uwanja wa Tempelhof, akashiriki kupanga treni za hospitali na kusafiri nazo kuwachukua waliojeruhiwa. Alipinga vita, bali askari aliyejeruhiwa hakumpinga.

MAKOSA YAKE

Haifai kumsifu mtu hata tukaficha makosa yake. Virchow alizoea mno kutafuta ugonjwa ndani ya seli, hata akachelewa kukubali kwamba vijidudu vya kutoka nje ndivyo vinavyoleta maradhi mengi. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu, Virchow alikuwa miongoni mwa waliotia shaka. Koch huyo ndiye aliyefika katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria mwaka 1906 kuchunguza malale. Naye pia alikosea, kwani dawa aliyoijaribu ya atoksili iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Mwaka 1887 Virchow alipewa vipande vidogo vilivyokatwa kooni mwa mwana wa mfalme, Friedrich. Hakuona saratani ndani yake. Vipande havikutosha kueleza hali ya koo zima, lakini wengi waliyachukua majibu hayo kuwa uthibitisho wa usalama. Friedrich alitawazwa mwezi Machi 1888 na kufariki mwezi Juni, baada ya siku 99 tu, kwa saratani hiyo hiyo. Taarifa ya sehemu moja ya eneo haiwi taarifa ya eneo zima.

Kadhalika alikusanya mafuvu mengi ya watu wa mabara mbalimbali, pamoja na makoloni, na mengi yalichukuliwa bila ya ridhaa ya jamaa za marehemu. Jambo hilo lalaumiwa leo, na kwa haki. Lakini pia ni yeye aliyeongoza uchunguzi wa watoto wa shule milioni 6 na zaidi wa Ujerumani, akaonyesha mwaka 1886 kwamba Wajerumani wamechanganyika kwa rangi ya nywele na macho. Madai ya kwamba liko kabila safi lisilochanganyika hakuyaona kuwa na msingi.

MWISHO WAKE

Tarehe 4 Januari 1902, akiwa na umri wa miaka 80, Virchow aliteremka kwa kuruka kutoka katika tramu ya umeme katika barabara ya Leipziger, akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Hakupata nafuu kamili. Alifariki tarehe 5 Septemba mwaka huo, na mji wa Berlin ukamzika kwa heshima kubwa.

Wazee wetu walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maisha ya Virchow yanatuonyesha ukweli wa neno hilo ndani ya mwili na nje yake. Seli moja haiwezi kuwa ngozi wala haiwezi kuwa moyo. Lakini yeye aliongeza jambo jingine: umoja hauwezi kuwa na afya ikiwa mmoja mmoja katika umoja huo ana njaa, ni mgonjwa au hasikilizwi. Ndivyo alivyoona katika mfupa uliovunjika, na ndivyo alivyoona katika vibanda vya Silesia.

Kikosi nacho ni hivyo hivyo. Mkuu wa kikosi anayetaka kujua hali ya askari wake haitoshi atazame gwaride kwa mbali. Aulize juu ya maji ya kunywa kambini, vyoo, chakula, na yule askari mmoja anayekohoa usiku. Na aliyetumwa kuchunguza aandike alichokiona, kama alivyofanya kijana wa miaka 26 mwaka 1848. Tunawatakia wasomaji wetu afya njema.